Hesabu Ibandikwe Ukutani, Majina Yabaki Kabatini



Wengi wenu mmekwisha kuandikishwa zaidi ya mara moja. Shefu wa mtaa aliandika, watu wa shirika wakaandika, muuguzi akaandika, kisha akaja kijana mwenye simu naye akaanza upya. Baada ya hapo, kimya. Hamjui majina yenu yalikwenda wapi, wala nani mwingine anayo. Katika makala hii tunaeleza namna idara za mji zinavyopaswa kutunza habari za watu: zipi zifunguliwe kwa wote, na zipi zifungwe.

Tuanze na faida ya kufungua, kwa sababu mfano mzuri uko hapa hapa Uvira. Kwa miaka mingi REGIDESO iliandika kila siku kiasi cha maji kilichosukumwa mjini. Upande wa pili, kituo cha matibabu ya kipindupindu kiliandika kila siku idadi ya wagonjwa waliolazwa. Daftari mbili, ofisi mbili, na kila moja ilikuwa na maana kwa wenyewe tu. Watafiti wa London School of Hygiene & Tropical Medicine, pamoja na wenzao Wakongomani, waliziweka hesabu hizo pamoja, za mwaka 2009 hadi 2014, na mwaka 2015 wakachapisha matokeo. Baada ya siku ambayo mabomba yalikauka kabisa, idadi ya waliolazwa kwa kudhaniwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata ilipanda kwa asilimia 155, ikilinganishwa na siku ya maji ya kutosha. Yaani zaidi ya mara mbili na nusu.

Kila mama wa Kalundu anayeteka maji ziwani bomba linapokauka alikuwa anajua jambo hilo. Lakini kujua kwa mama hakumlazimishi mtu wa ofisini kununua mafuta ya mashine. Hesabu inaweza kumlazimisha. Tena angalieni: katika matokeo yale hamna jina la mgonjwa hata mmoja, wala halikuhitajika.

Hizo ndizo tunazoita takwimu wazi. Siku ngapi bomba la mtaa fulani halikutoa maji. Kaya ngapi zimeandikishwa katika komini, na ngapi zimepata msaada. Nyumba ngapi zilibomoka usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika, na ngapi zilifunikwa ziwa lilipopanda mwaka 2021 na tena 2024. Mambo haya ni ya watu wote. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 24, inasema kila mtu ana haki ya kupata habari.

Hesabu isiyoonekana huharibika gizani. Uganda, ambako Wakongomani wengi wamekimbilia, ilitangaza kuwa ina wakimbizi karibu milioni 1.4. Mwaka 2018 yakatokea mashaka, watu wakahesabiwa upya kwa alama za vidole, na ikapatikana kama milioni 1.1. Maafisa walisimamishwa kazi. Lakini hasara iliwafikia pia wakimbizi wa kweli, kwa sababu wafadhili walianza kuuliza kila namba mara mbili. Kwetu Kongo ni vigumu zaidi: sensa ya mwisho ya nchi nzima ilifanyika mwaka 1984. Basi kila anayekuja na idadi yake tunamwamini au tunagombana naye. Na ugomvi wa idadi, kati ya jamii iliyopokea na jamii iliyopokelewa, haukawii kuwa ugomvi wa makabila. Sisi tunaofanya kazi ya amani tumeuona mara nyingi mno.

Sasa upande wa kufunga.

Orodha yenye majina lazima iwepo. Mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, unaohusu wakimbizi wa ndani barani Afrika, unaagiza serikali itunze daftari la watu waliohama na kulisahihisha kila mara. Bila jina, huwezi kujua kama mjane fulani amepata mahema mawili au hakupata hata moja. Lakini orodha hiyo hiyo, ikibandikwa mlangoni, inapigwa picha kwa simu, na jioni iko mikononi mwa watu wasiojulikana. Inaonyesha nani anaishi wapi, ana watoto wangapi, mume yuko au hayuko. Mwizi anaisoma. Mwenye kisasi anaisoma pia.

Tusizungushe maneno. Nchini Rwanda kabila liliandikwa katika kitambulisho tangu miaka ya 1930, kama jambo la kawaida la ofisi. Mwaka 1994 kadi zile zile ziliombwa kwenye vizuizi vya barabarani, na watu waliuawa kwa sababu ya neno moja lililoandikwa pale. Karani aliyeandika mwanzoni labda hakuwa na nia mbaya. Hapa Uvira, Desemba 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia Burundi. Wakati kama huo nani anakumbuka daftari lililoachwa mezani?

Kwa hiyo, waheshimiwa viongozi, kabla ya kuandika kabila, jiulizeni linatumika kwa kazi gani. Kugawa unga? Hapana. Basi lisiandikwe. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda maisha ya faragha ya mtu, na Kanuni ya Dijitali ya nchi, ya Machi 2023, nayo inagusa ulinzi wa habari za watu binafsi.

Hata hesabu isiyo na majina inaweza kusaliti. Ukibandika kwamba katika avenyu fulani kuna kaya 3 tu zilizotoka mlima fulani, kila jirani anazijua kwa sura. Idadi ikiwa ndogo hivyo, iunganishwe na ya mtaa mzima. Kosa hili hufanywa na watu wazuri wanaotaka kuwa wawazi, na ndilo linalotutia hofu kuliko mengine.

Familia inajuaje basi kwamba imo katika orodha? Kila kaya ipewe kikaratasi chenye namba yake. Ukutani zibandikwe namba, si majina. Mwenye namba atajitambua. Karatasi iwe kwa Kiswahili, maana ya Kifaransa wengi huipita tu. Iwe na tarehe, jina la ofisi iliyoitoa, na siku ambayo mtu aliyeachwa anaweza kuja kulalamika na kusikilizwa. Karatasi isiyo na tarehe ni hatari: watu wanabishana juu ya hesabu ya mwaka juzi wakidhani ni ya jana. Kenya ilifungua tovuti ya takwimu za serikali Julai 2011, kwa sherehe na mbele ya Rais, lakini baadaye takwimu nyingi zilikaa bila kusahihishwa. Kufungua mara moja ni rahisi. Kazi ni kurudi kila mwezi.

Na daftari la majina liwe na mtu mmoja anayejibu kwa ajili yake, pamoja na msaidizi anayejulikana. Likae katika kabati lenye ufunguo, au katika kompyuta yenye neno la siri lisiloandikwa ubavuni mwake. Kamati ya wakimbizi wa ndani na shefu wa mtaa wakubaliane mapema, siku za utulivu, nani atalibeba au kulichoma hali ikiharibika. Katika mkutano wenu ujao, mwulizeni karani maswali mawili: daftari letu liko wapi leo, na nani ana nakala?