Nishani za wanamichezo: Bingwa hukumbukwa, kocha huishia wapi?

ANAYESAFIRI kwa matatu kutoka katikati ya jiji la Nairobi hadi Thika huenda takriban kilomita 42, umbali unaokaribia sana ule wa mbio za marathoni. Ruiru ataipita akiwa amevuka nusu ya njia. Nyakati za jioni, magari yanapobanana kuanzia Pangani hadi Githurai, safari hiyo yaweza kumla abiria saa mbili na zaidi akiwa ameketi. Oktoba 7, 2001, mwanamke mmoja wa Idara ya Magereza ya Kenya aliukata umbali huo wa marathoni kwa miguu yake jijini Chicago, Marekani, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 47. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kukimbia kwa kasi hiyo. Jina lake ni Catherine Ndereba.

Rekodi aliyoivunja haikuwa imetimiza hata siku kumi. Mjapani Naoko Takahashi alikuwa ameiweka Berlin, Ujerumani, Septemba 30 mwaka huo huo, alipokuwa mwanamke wa kwanza kumaliza marathoni chini ya saa 2 na dakika 20. Ndereba aliipunguza kwa sekunde 59. Ukigawanya muda wake kwa umbali, utaona kwamba kila kilomita aliimaliza kwa dakika 3 na sekunde 17 hivi, na akaurudia mwendo huo mara 42 bila kupumzika.

Ndereba si mzaliwa wa Thika wala Ruiru. Alizaliwa Nyeri mnamo 1972. Hata hivyo, habari za wanariadha wa aina yake haziwezi kusimuliwa bila kuitaja Ruiru, kwa sababu ndipo kilipo chuo cha kuwafunza maafisa wa Magereza. Raia wengi hukijua chuo hicho kwa gwaride la kufuzu kwa makurutu, lakini wafuatiliaji wa riadha hukijua kwa jambo jingine. Viwanja vyake vimekuwa vikiandaa mashindano ya Magereza ya mbio za nyika, ambako wakimbiaji wa idara hiyo kutoka pembe zote za nchi huchujwa kabla ya kupambana na wenzao wa Jeshi na Polisi katika mashindano ya kitaifa.

Mpango huu wa vikosi ndio uti wa mgongo wa riadha ya Kenya, ingawa hauzungumzwi sana. Kijana mwenye kipaji huandikwa kazi, hupewa mafunzo ya kikosi kama askari mwingine yeyote, kisha huruhusiwa kufanya mazoezi na kushindana kwa jina la idara yake. Hupata mshahara hata mwaka ambao mguu umemuuma na hakushinda kitu. Ndereba aliingia Magereza kwa mlango huo mwaka wa 1994, miaka sita kabla ya ushindi wake wa kwanza wa Boston. Mkimbiaji asiye na ajira angeweza kuvunjika moyo katika miaka hiyo sita, na bila shaka wapo wengi waliovunjika ambao leo hakuna ajuaye majina yao.

Yaliyofuata yameandikwa katika vitabu vya kumbukumbu. Alishinda Boston mara nne: 2000, 2001, 2004 na 2005, jambo ambalo hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amelifanya. Alishinda Chicago 2000 na 2001. Mwaka wa 2003, Paris, Ufaransa, alikuwa Mkenya wa kwanza wa kike kutwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, na mwaka wa 2007 akaurejesha taji hilo nyumbani kutoka Osaka, Japani, katika joto lililowaangusha wengi, akiwa na umri wa miaka 35. Katika Olimpiki alipata fedha mara mbili mfululizo, Athens 2004 na Beijing 2008. Mwaka wa 2005, Rais Mwai Kibaki alimtunuku nishani ya OGW.

Nishani ina thamani gani?

Swali hili huulizwa kila Desemba, orodha ya waliotunukiwa inapotangazwa wakati wa sherehe za Jamhuri. Jibu lake fupi ni kwamba nishani si fedha. Anayeipokea huwa na haki ya kuandika herufi zake baada ya jina, hupewa kipambo chenyewe, na jina lake huchapishwa katika gazeti rasmi la Serikali. Haimlipii kodi ya nyumba wala haimtibu. Ngazi zake ni nyingi: zipo za Moyo wa Dhahabu, ambazo ndizo za juu kabisa, kisha za Mkuki Uwakao, halafu OGW, na chini zaidi zipo medali ya utumishi bora na pongezi ya Mkuu wa Nchi, ijulikanayo kwa herufi HSC. Sheria ya Nishani za Kitaifa ya 2013 ndiyo inayosimamia mambo haya, na chini yake kuna kamati ya kumshauri Rais.

Kando ya nishani hizo ipo Sheria ya Mashujaa ya 2014. Hiyo ilitokana na Katiba ya 2010, ambayo iliigeuza Oktoba 20, iliyokuwa Siku ya Kenyatta, kuwa Siku ya Mashujaa. Sheria hiyo ilianzisha Baraza la Kitaifa la Mashujaa, na michezo ni mojawapo ya nyanja ambazo mtu anaweza kutambuliwa kwazo. Wanamichezo wenyewe nao hawakungoja Serikali. Mwaka wa 2004, Paul Tergat, bingwa wa zamani wa mbio za nyika, alianzisha tuzo za SOYA za mwanamichezo bora wa mwaka, na humo kocha ana nafasi yake.

Zawadi za fedha hutolewa kwa njia nyingine kabisa, na mara nyingi huja moto ushindi ukiwa bado mbichi. Juni 2023, Faith Kipyegon alipovunja rekodi za dunia za mita 1,500 na mita 5,000 katika muda wa wiki moja, Rais William Ruto alimkabidhi Sh5 milioni na nyumba. Hakuna aliyelalamika, wala hapakuwa na sababu ya kulalamika. Lakini fedha ya aina hiyo hufuata saa ya uwanjani. Aliyestaafu, na zaidi aliyewafunza wengine, hana saa ya kuonyesha.

Mwelekezi na kocha

Katika kaunti hii hii ya Kiambu yupo mwanariadha ambaye maisha yake yanalifafanua suala hili kuliko hotuba yoyote. Henry Wanyoike wa Kikuyu alikuwa kijana mkimbiaji alipopata kiharusi mwaka wa 1995, na kwa usiku mmoja akapoteza karibu uwezo wake wote wa kuona. Miaka mitano baadaye alisimama kwenye mstari wa kuanzia mbio za mita 5,000 katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney, Australia, akiwa amefungwa kamba mkononi pamoja na mwelekezi wake. Mwelekezi huyo hakuwa na afya njema siku hiyo. Zikiwa zimesalia hatua chache alilegea, na Wanyoike, ambaye ndiye aliyepaswa kuongozwa, akalazimika kumkokota hadi utepeni. Alishinda dhahabu. Mwaka wa 2004, Athens, aliongeza dhahabu mbili, za mita 5,000 na mita 10,000, safari hii akiwa na Joseph Kibunja, rafiki yake wa tangu utotoni.

Siku hizi kanuni za Paralimpiki, kwa masharti fulani, humpa mwelekezi medali yake mwenyewe. Husimama jukwaani, huvishwa, na wimbo wa taifa hupigwa akiwa hapo. Sababu iliyokubaliwa ni nyepesi kueleweka: bila yeye mbio zisingekuwapo. Kocha naye amefanya kazi ya aina hiyo kwa miaka, pengine tangu bingwa alipokuwa mwanafunzi asiye na viatu, ila Olimpiki haina medali ya kocha. Tofauti kati ya hao wawili ni kamba tu: ya mwelekezi huonekana na kamera, ya kocha haionekani.

Suala la ulemavu lina uzito wa pekee Thika. Shule ya wasioona ya mji huo, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946, imewalea watoto kutoka kila upande wa nchi. Mwalimu anayemfunza mtoto asiyeona kukimbia hana budi kukimbia naye. Hawezi kusimama pembeni na filimbi.

Kwa upande wa kandanda, Thika ina mfano wake. Klabu ya Thika United, iliyofadhiliwa kwa miaka mingi na kampuni ya maziwa ya Brookside yenye makao yake Ruiru, ilishiriki Ligi Kuu hadi iliposhuka daraja mwaka wa 2018. Mashabiki wa Gor Mahia na wa Simba ya Tanzania wanamkumbuka vyema Francis Kahata, kiungo wa mguu wa kushoto aliyekuwa katika kikosi cha Harambee Stars kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri mwaka wa 2019. Wachache wanakumbuka kwamba alipitia Thika United, na ni wachache zaidi wawezao kuwataja waliomfunza kabla ya hapo. Klabu ikishuka, kumbukumbu zake hushuka nayo. Kwa wanawake, Thika Queens ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka wa 2021, na kwa muda mfupi mji huo ukawa makao ya mabingwa, ingawa vyombo vya habari, tukiri, viliipa habari hiyo nafasi finyu.

Wapo makocha waliofikiwa na heshima, lakini walisubiri sana. Bruda Colm O'Connell alifika Iten kutoka Ireland mwaka wa 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's. Wanafunzi wake waliinyakua dunia, David Rudisha akiwa mmoja wao, naye akatuzwa na shirikisho la riadha la dunia mwaka wa 2019. Hiyo ni miaka 43. Na huyo ni kocha ambaye waandishi wa kimataifa hupanga foleni mlangoni pake. Kocha wa Juja au Gatuanyaga, anayewapanga watoto alfajiri kwa saa ya mkononi, hana hata mwandishi mmoja.

Sababu nyingine ya makocha kusahaulika ni ya kikazi. Riadha ya Kenya hupitisha mwanamichezo kwa mikono mingi. Mwalimu wa shule ya msingi humwona kwanza, wa sekondari humpeleka mashindano ya mkoa, kikosi humwajiri, kambi humnoa, na wakala humtafutia mbio za ng'ambo. Bingwa anapopatikana, aliyekuwa naye mwishoni ndiye huonekana katika picha. Aliye mwanzoni hana mkataba wala hati inayoonyesha kwamba alihusika. Wengine hawana hata cheti cha ukocha, ijapokuwa kituo cha shirikisho la dunia cha kuwanoa makocha wa Afrika kimekuwa kwa miaka mingi Kasarani, kando ya barabara iyo hiyo ya Thika. Kozi hutaka muda na nauli, na mwalimu wa kujitolea mara nyingi hana hata kimoja.

Vikosi vina nafuu katika jambo hili. Mwanariadha wa Magereza anapoacha kushindana hubaki na kazi yake, cheo na pensheni. Baadhi huhamia katika ukocha wa idara na kuwapokea makurutu wapya. Anayewafunza wengine huko Ruiru hufanya hivyo akiwa kazini, na faili lake linasema hivyo. Aliye uraiani hana faili.

Ndiyo maana wanaotaka kocha au mwanamichezo wa zamani wa eneo lao atambuliwe hushauriwa waanze na karatasi kabla ya hotuba. Pendekezo lisemalo tu kwamba mzee fulani alisaidia vijana wengi halina nguvu mbele ya kamati yoyote. Lenye nguvu ni lile linaloonyesha alianza kufunza mwaka gani na katika uwanja upi, mashindano ambayo vijana wake walishiriki, nafasi walizopata pamoja na muda wao, na barua za wanafunzi wake wa zamani zilizotiwa saini. Matokeo ya mashindano ya shule ya miaka ya 1980 na 1990 yamo katika makabati ya shule na katika magazeti ya zamani yaliyohifadhiwa na maktaba, na mengine yamo katika masanduku ya wazee wenyewe, chini ya vyeti vilivyoanza kuliwa na mchwa. Kazi ya kuyatoa humo na kuyanakili huchukua siku chache, na hufanyika vyema zaidi mwenyewe akiwa hai wa kuyaeleza.