Kuchagua Mazingira ya Kuandikia Programu: Mfano wa Dzaleka na Lilongwe

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi mwanafunzi azungumzaye Kiswahili anavyoweza kuchagua mazingira ya kuandikia programu, yaani zana ya kuandika, kujaribu na kusahihisha programu mahali pamoja. Mfano wetu ni kambi ya Dzaleka, Malawi, iliyofunguliwa mwaka 1994 kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Kiswahili kinawaunganisha wengi wa wakazi wake watokao Kongo, Burundi na Rwanda. Fani yenyewe si ngeni huko: TakenoLAB, iliyoanzishwa na Remy Gakwaya, mkimbizi kutoka Burundi, imewafundisha vijana wa kambi kuandika programu.

Tutazungumzia lugha za funksheni, kama vile Haskell na Racket. Katika lugha hizi programu hujengwa kwa kanuni zinazopokea thamani na kurudisha thamani, kama ilivyo katika hisabati. Aliyesoma aljebra ana pa kuanzia.

Kigezo cha kwanza ni intaneti na uwezo wa mashine. Watumiaji wengi wa Haskell huiandika ndani ya VS Code. Zana zake hupakuliwa mtandaoni kwa vipande, na programu saidizi inayoonyesha makosa hutumia kumbukumbu kubwa ya kompyuta. Mwenye mashine mpya na mtandao mzuri mjini Lilongwe ataimudu. Lakini mwaka 2023 serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waishio mijini warejee Dzaleka. Kwa hiyo si busara kuchagua zana inayomlazimu mtu kufuata mtandao mjini.

DrRacket, mazingira ya lugha ya Racket, huja kwa kifurushi kimoja pamoja na maelezo yake. Kifurushi hicho huweza kubebwa kwa flashi na kutumika bila mtandao. Aidha, kina ngazi tano za lugha kwa wanaoanza, na chombo kinachoonyesha ukokotozi hatua kwa hatua, kama mwalimu anavyofanya ubaoni.

Kigezo cha pili ni majina. Programu ikitumia majina ya Kiswahili, mwanafunzi huona maana kabla ya kukariri alama. Racket hukubali jina kama eneo-la-shamba, kwa kuwa kistari huruhusiwa ndani ya jina. Haskell hukiona kistari hicho kuwa alama ya kutoa. Kwa upande mwingine, Haskell hulipokea neno ng'ombe bila taabu, ilhali Racket hulikata kwenye ritifaa. Kila lugha ina mipaka yake ya tahajia, na mwalimu anapaswa kuitaja mapema.

Kigezo cha tatu ni ujumbe wa makosa. Katika mazingira yote mawili ujumbe huo hutoka kwa Kiingereza, wakati baadhi ya wanafunzi wa Dzaleka walisoma kwa Kifaransa. Hapa ndipo penye kazi yetu. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba istilahi za kompyuta zinawezekana kwa Kiswahili.

Kwa anayeanza, basi, tunapendekeza DrRacket. Haskell ifuate baadaye. Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, rai yetu ni moja: tutayarishe faharasa fupi ya ujumbe wa makosa unaojitokeza mara kwa mara, ukurasa mmoja wa kubandikwa ukutani kando ya kompyuta.