Kizibo Kimoja cha Dawa ya Ng'ombe

Mbwa alikuwa amelala chini ya mwembe, ulimi nje, macho wazi lakini hayamfuati mtu. Nilimwekea kiganja ubavuni nikahesabu mapigo ya moyo kwa saa ya simu. Pigo, kimya kirefu, pigo tena. Ilikuwa Jumapili, nje kidogo ya mji wa Kendu Bay, upande wa kuelekea Ziwa Simbi, na asubuhi hiyo mbwa alikuwa ameogeshwa dawa ya kupe. Mwenye boma, mama wa rika la mama yangu, alikuwa kwenye kigoda akirudia maneno yale yale: "Nyathina, mwanangu, mimi nilitaka tu kupe watoke."

Nilimwomba anionyeshe dawa. Akaleta chupa ya soda yenye kimiminika cha rangi ya asali, kinachonuka kama rangi ya mafuta. Haikuwa na karatasi wala jina, kwa sababu dukani walimpimia kidogo kutoka kwenye chombo kikubwa. Alikuwa ametia kizibo kimoja kwenye karai la maji. Nikachukua sirinji nikapima maji yanayojaa kizibo kile: karibu mililita 6. Karai lenyewe lilikuwa na lita moja hivi. Tulipompigia simu muuzaji, akasema ile ni amitrazi.

Amitrazi ya asilimia 12.5, ambayo wafugaji wetu wengi huijua, huchanganywa mililita 40 kwa pampu ya lita 20, yaani mililita 2 kwa kila lita. Kwa hiyo, ikiwa ndiyo iliyokuwa chupani, mbwa wa kilo zisizozidi kumi alikuwa amepakwa mara tatu ya nguvu ya dawa anayonyunyiziwa fahali. Kisha hakukaushwa. Akaenda kivulini, akajilamba mwili mzima.

Amitrazi inapozidi hulegeza mwili. Moyo hupiga polepole, matumbo husimama, joto hushuka, sukari hupanda kwenye damu, na mnyama hupepesuka kama mlevi hadi alale. Majirani walidhani amechoka na jua. Hali ni tofauti kabisa na ile ya dawa za kundi la oganofosfeti, ambazo pia hutumika kuua kupe wa ng'ombe: hizo humfanya mnyama atokwe na ute na machozi, akojoe ovyo, aharishe, atetemeke misuli. Anayetibu sumu ya oganofosfeti hushika atropini. Kwa amitrazi, atropini si tiba, na inaweza kumzidishia mnyama matatizo. Zinazohitajika ni dawa nyingine, kama atipamezoli au yohimbini. Sasa mfikirie daktari wa mifugo anayepewa mbwa aliyezimia pamoja na chupa ya soda isiyo na jina.

Jambo hili halikuanzia kwa yule mama. Zamani ng'ombe wa Nyanza walipelekwa kwenye josho, na pale alikuwepo mhudumu aliyefunzwa kupima dawa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika ile ya 1990 serikali ilijiondoa katika kuendesha majosho, yakaachiwa kamati za wanavijiji, na mengi yakakauka. Baada ya katiba ya 2010 huduma za mifugo zikahamia kaunti. Katika mzunguko huo wote kazi ya kupima iliingia nyumbani, mikononi mwa mtu mwenye pampu ya kukodi, miwani iliyovunjika, na kizibo. Na dawa ikishakuwa nyumbani, mbwa naye ataogeshwa, kwa kuwa kupe hachagui. Okwodo, kama wanavyomwita hapa, akiachwa naye huua: kupe wa mbwa hueneza erlikia na babesia, magonjwa yanayomkausha mbwa damu na wakati mwingine kumfanya atokwe damu puani. Simlaumu mama kwa kutaka kupe watoke. Alitaka jambo lililo sawa.

Paka ndiye ninayemwogopea zaidi. Mji unaoanika omena na kuhifadhi mahindi hauwezi kuishi bila paka, na paka huoga kwa ulimi. Dawa za pemetrini, ambazo mbwa huzistahimili vizuri zikipimwa, zinaweza kumuua yeye, kwa sababu ini lake halina vimeng'enya vya kutosha vya kuvunja sumu hiyo. Huanza kwa kutikisa masikio na kupapatika kwa ngozi, kisha mwili mzima hutetemeka, kisha degedege. Si lazima apakwe yeye; kulala kando ya mbwa aliyetoka kupakwa kunatosha. Kwa hiyo dawa ya mbwa isipakwe paka hata tone, hata kama mwenye duka anasema ni ile ile.

Wenye uwezo siku hizi hununua vidonge vya kutafuna, kama Bravecto, NexGard na Simparica. Ni dawa nzuri, na wanyama wengi huzimeza bila tatizo. Hata hivyo, Septemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha wenye wanyama kwamba kundi hilo linaweza kuleta mitetemo, kupepesuka na degedege kwa baadhi ya wanyama, hata kwa mnyama asiyewahi kuwa na kifafa. Kama mbwa wako ana historia ya degedege, mwambie daktari kabla hajaandika dawa.

Marekani hiyo hiyo, mwaka 2008, ziliripotiwa zaidi ya kesi 44,000 za wanyama waliodhaniwa kudhurika na dawa za viroboto na kupe za kupaka. Shirika lao la mazingira, EPA, lilizichambua, na mwaka 2010 likatangaza kwamba mbwa wadogo waliumia zaidi na kwamba watu walikuwa wakiwapaka paka dawa ya mbwa. Hayo yalijulikana kwa sababu mtu alipiga simu na mwingine akaandika. Kwetu mbwa wa namna hii huzikwa nyuma ya choo jioni ile ile. Kenya ina Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kuua Wadudu, PCPB, chini ya sheria ya 1982, na chupa halali hubeba namba yake ya usajili na mkanda wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu: nyekundu, njano, buluu au kijani. Dawa inapomiminwa kwenye chupa ya soda, namba inabaki dukani na mkanda unabaki dukani.

Siku ile tulimwosha mbwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili, mikono ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, tukamkausha na kumfunika gunia. Kijana mmoja alitaka kumpeleka kumwoshea katika Ziwa Victoria. Nilimkatalia, kwa sababu dawa hizi huua samaki; watu wa ghuba hii hawajasahau mwaka 1999, Ulaya ilipofunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria kutokana na uvuvi wa sumu. Jirani naye alikuja na kikombe cha maziwa. Tulimshukuru, tukakiweka kando: mnyama aliyezimia akimiminiwa maziwa anaweza kuyavuta mapafuni, akafa kwa hayo hata kama sumu ingemwacha.

Daktari alifika kwa bodaboda baada ya saa mbili. Jina la amitrazi tulikuwa tumeshaliandika kwenye kiganja changu, akaanza kazi bila kubahatisha, akamtundikia maji kwenye tawi la mwembe. Jumatatu jioni mbwa aliinua kichwa. Jumanne alikula ugali.

Nilipita tena pale mwezi uliofuata. Kwenye msumari juu ya mlango wa jiko ilikuwa inaning'inia chupa mpya, yenye karatasi yake, na sirinji imefungwa shingoni mwake kwa uzi wa nyavu.