Jokofu na Gesi Yake

Utotoni mwetu maji ya baridi yalikuwa ya mtungi, na samaki aliyebaki alikaangwa usiku huo huo asije akaoza. Leo twafungua jokofu bila kufikiri. Kumbe chombo hiki kiliingia majumbani pamoja na hatari yake.

Majokofu ya mwanzo ya umeme, kama lile la General Electric la mwaka 1927, yalipoza kwa salfa dayoksaidi, na mengine kwa kloridi ya methili. Gesi hizo ni sumu. Zilipovuja usiku, watu walifia vitandani. Yasimuliwa kwamba Albert Einstein alisoma gazetini habari za aila moja ya Berlin iliyoangamia hivyo, ndipo yeye na Leo Szilard wakabuni jokofu lisilo na pampu ya kuchakaa. Halikupata kuuzwa madukani. Iliyoshinda ni Freon: haiwaki, wala haikumdhuru mwenye nyumba. Mwaka 1974 Molina na Rowland wakabainisha kuwa gesi za jamii hiyo zaila ozoni inayotukinga na jua, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuziondoa.

Majokofu mengi mapya hutumia isobutani, nayo huwaka. Basi fundi akija kujaza gesi, tumwulize atia gani, na madirisha yawe wazi.