BMW ya mtumba kwa safari ya kazini: Bei inavutia, ila pima kwanza

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

ANAYEPITA katika maeneo yanakouzwa magari ya mtumba jijini Dar es Salaam huenda akashangazwa na jambo moja. Gari la Kijerumani aina ya BMW, lenye injini ya mitungi sita, viti vya ngozi na magurudumu mapana, huweza kuuzwa kwa bei inayokaribiana na ya Toyota ya kawaida yenye umri uleule. Kwa mtumishi wa ofisini aliyechukua mkopo katika Saccos yake ili aachane na kugombea daladala, kishawishi hicho si kidogo.

Unafuu huo una sababu. Huko Japani, yanakotoka magari mengi ya mtumba yanayoingia nchini, sedani ya kifahari ya Ulaya hupoteza thamani haraka, kwani mnunuzi wa pili na wa tatu huogopa gharama za matengenezo. Hofu hiyo haiishii bandarini. Husafiri na gari hadi kwa mnunuzi wa Tegeta au Mbagala, isipokuwa yeye mara nyingi hajaambiwa.

Tuchukue mfano wa BMW ya 3 Series ya toleo linalojulikana kama E90, ambalo sedani zake zilitengenezwa kuanzia mwaka 2005 hadi 2011. Ni gari zuri kuliendesha, na hilo halina ubishi. Uzito wake umegawanywa karibu sawa mbele na nyuma, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na usukani wake humpa dereva taarifa kamili ya barabara. Lilikuja na injini za aina mbalimbali: 320i ya mitungi minne yenye nguvu za farasi 150, 325i ya mitungi sita yenye farasi 218, na 335i yenye turbo mbili na farasi 306. Hiyo ya mwisho tuiache kwa wenye mifuko mirefu. Pampu yake ya mafuta ya shinikizo kubwa ilisumbua kiasi cha kampuni kuongeza muda wa dhamana yake nchini Marekani.

Kodi inaweza kuzidi bei ya gari

Anayetaka kuagiza gari mwenyewe aanze na hesabu ya kodi. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ni asilimia 5 kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 1,000 hadi 2,000, na asilimia 10 kwa inayozidi hapo. Juu yake upo ushuru wa uchakavu, ambao ni asilimia 30 kwa gari dogo lililozidi miaka 10, yaani E90 zote za leo. Kisha inafuata Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, inayotozwa juu ya jumla ya hayo yote.

Tuseme gari la 325i limethaminiwa dola 4,000 likiwa limefika bandarini. Ushuru wa forodha ni dola 1,000, hivyo thamani inakuwa dola 5,000. Ushuru wa bidhaa ni dola 500 na wa uchakavu ni dola 1,500. Kodi ya Ongezeko la Thamani juu ya dola 7,000 ni dola 1,260. Jumla ni dola 4,260, kabla ya tozo ndogo ndogo na gharama za usajili. Gari limenunuliwa mara mbili! Tena Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA, huwa na makadirio yake ya thamani ya magari yaliyotumika, hivyo risiti ya bei ya kutupa haitamsaidia sana mnunuzi. Kikokotoo kipo katika tovuti ya mamlaka hiyo, na ni busara kukitumia kabla ya kutuma fedha.

Ndiyo maana wengi huona afadhali kununua lililokwisha kusajiliwa nchini. Hapo nako kuna mtego wa namba. Wakazi wa jiji wamezoea kupima upya wa gari kwa herufi ya kwanza ya kundi la mwisho katika namba zake, "hili ni namba D", "lile ni namba E". Herufi hiyo hueleza gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haisemi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2006 lililoingia nchini juzi litavaa herufi mpya, na dalali atalitangaza kwa herufi hiyo. Umri wa kweli utafutwe katika kadi ya gari na katika namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, ambayo kwa BMW hutosha kuonyesha mwezi lilipotoka kiwandani, injini yake na vifaa vyote lilivyofungiwa.

Foleni ndiyo mtihani

Gari hili lilibuniwa kwa barabara kuu za Ujerumani, ambako upepo wa mwendo hupoza injini. Dar es Salaam humtaka dereva asimame muda mrefu katika Barabara ya Morogoro, jua likiwa kali, kiyoyozi kikifanya kazi, na injini ikinguruma bila kwenda popote. Ni katika hali hiyo udhaifu mkubwa wa E90 ya mitungi sita hujitokeza.

Katika magari mengi pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa injini. Katika injini ya 325i, pampu hiyo huendeshwa kwa umeme na kuongozwa na kompyuta. Inapokuwa nzima hufanya kazi nzuri sana, hata kuendelea kuzungusha maji baada ya injini kuzimwa. Lakini mara nyingi, baada ya gari kupita kilomita 100,000, pampu hiyo hufa ghafla, bila kuvuja wala kupiga kelele. Dashibodi ya E90 haina mshale wa joto la maji, hivyo dereva huarifiwa na taa tu, ya njano kisha nyekundu. Anayeiona taa nyekundu akasema "ngoja nifike Ubungo kwanza" anaweza kuwa ameua injini. Bloku yake imetengenezwa kwa mchanganyiko wa magnesiamu na aluminiamu, na bolti zake ni za aluminiamu. Vitu hivyo havisamehe joto la kupita kiasi.

Baadhi ya mafundi wetu wa mitaani wana mazoea ya kung'oa thamostati ili gari "lisichemshe". Kwa magari ya zamani mazoea hayo yalivumilika. Katika BMW hii thamostati nayo ina waya na inasomwa na kompyuta. Ikitolewa, taa ya injini huwaka na injini hufanya kazi ikiwa baridi kuliko inavyotakiwa. Vilevile maji ya bombani hayafai katika rejeta. Kinachotakiwa ni kipozeo maalumu kilichochanganywa na maji yaliyosafishwa. Mnunuzi makini huweka akiba ya pampu na thamostati tangu siku ya kwanza, na kuvibadilisha kwa pamoja kabla havijafa ikiwa muuzaji hana risiti ya kuonyesha kuwa vilibadilishwa.

Anayependelea 320i hukwepa pampu hiyo, lakini hukutana na jingine. Mipira inayozuia oili kwenye valvu hukakamaa kwa joto na umri, kisha oili huingia ndani na kuungua. Dalili yake ni moshi wa rangi ya buluu gari linapoondoka baada ya kusimama muda mrefu kwenye taa. Kwa hiyo usikubali kulijaribu gari kwa kuzunguka mtaa mmoja tu. Liache lingurume kwa dakika 20, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kisha mtu asimame nyuma wakati unakanyaga mafuta.

Oili yenyewe ni mada nyingine. Kompyuta ya gari hupanga ibadilishwe baada ya kilomita zinazofikia 25,000 au zaidi, mpango uliofikiriwa kwa safari ndefu za Ulaya. Kwa foleni zetu, kilomita 8,000 hadi 10,000 zinatosha. Injini ya mitungi sita haina hata kijiti cha kupimia oili. Kiwango husomwa kwenye dashibodi. Gia boksi nayo ilisemekana kuwa na oili ya maisha, lakini ZF, mmoja wa watengenezaji wa gia boksi hizo, hushauri ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000.

Mifuko ya hewa isisahaulike

Lipo jambo moja ambalo madalali hawaligusi kabisa. Mifuko ya hewa ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa katika magari ya makampuni mengi, iligundulika kuwa baada ya miaka mingi katika joto na unyevunyevu, kilipuzi chake huweza kupasuka kwa nguvu kubwa mno na kurusha vipande vya chuma usoni kwa dereva. Watu walipoteza maisha katika nchi kadhaa, na Takata ilifilisika mwaka 2017. BMW iliita magari yake, yakiwamo ya E90 na yale ya E46 yaliyoitangulia. Joto na unyevunyevu ndiyo hali ya hewa ya pwani yetu. Namba ya chesisi huweza kuhakikiwa katika tovuti za BMW kujua kama mifuko ilibadilishwa, na kazi hiyo haistahili kuahirishwa. Usukani wa "spoti" ulionunuliwa mtumbani na kufungwa baadaye hautaonekana katika kumbukumbu hizo, kwa hiyo uulizie.

Katika buti la E90 hakuna tairi la akiba. Gari lilitoka kiwandani na tairi zenye kuta ngumu, zinazoweza kwenda makumi ya kilomita bila upepo kwa mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Wamiliki wengi hufunga tairi za kawaida, ambazo ni laini zaidi kwenye matuta na mashimo, kisha husahau kwamba sasa hawana msaada wowote zikitoboka usiku.

Spea zinapatikana, ingawa si kila duka la Gerezani linazo kama za Toyota. Mwenye subira ataokoa fedha kwa kununua kifaa kutoka kwa mtengenezaji aliyekiuzia kiwanda: Pierburg kwa pampu ya maji, Lemförder kwa mikono na bushi za miguu ya mbele. Hata betri mpya hutakiwa iandikishwe kwenye kompyuta ya gari, hivyo fundi asiye na mashine ya kupimia BMW si fundi wako.

Mafuta nayo yahesabiwe. Mjini 325i hula takriban lita 12 kwa kilomita 100. Anayetoka Tegeta kwenda Posta na kurudi, takriban kilomita 50, atatumia lita 6 kwa siku, sawa na lita 132 kwa siku 22 za kazi. Azidishe kwa bei kikomo ambayo EWURA huitangaza kila mwezi, na aongeze kidogo kwa ajili ya siku za mvua, foleni inaposimama kabisa.

Mwisho, kabla ya kulipa, dai funguo zote mbili. Ufunguo wa E90 hutunza kumbukumbu ya kilomita, na fundi mwenye kifaa anaweza kuulinganisha na dashibodi. Hesabu mbili zisipolingana, mwachie muuzaji gari lake.