Kabla ya kuwania tenda ya turniketi, jua kinachonunuliwa ni presha

UKITAJA tenda ya hospitali, vijana wengi huwaza glavu, barakoa na sanitaiza. Huko kumejaa. Tangu enzi za korona, kila mwenye kampuni ya mkobani anauza glavu. Wachache huwaza kuhusu mkanda unaofungwa pajani kabla ya daktari kupasua goti, ilhali hospitali yoyote inayounganisha mifupa huuhitaji.

Wahudumu wa afya huuita turniketi. Kazi yake ni kuzuia damu isiingie mguuni au mkononi kwa muda, ili daktari aone anachokata. Na kazi yenyewe haikosekani. Zaidi ya watu 4,000 hufa barabarani Kenya kila mwaka, na wanaonusurika wakiwa wamevunjika ni wengi zaidi. Pita wodi ya mifupa ya hospitali yoyote kubwa uhesabu waliotoka kwa boda boda.

Tatizo la kwanza ni jina. Ule mpira mwembamba unaofungwa mkononi ukitolewa damu maabara ni turniketi, na bei yake ni ya chai na mandazi. Ule wa wanajeshi na ambulensi, wenye kijiti cha kuzungusha hadi damu ikome, pia ni turniketi. Wa upasuaji ni kitu kingine kabisa: mkanda wenye mfuko wa hewa ndani, mfano wa ule wa kupima presha, ulioungwa kwa mrija na mashine inayojaza hewa na kuonyesha kipimo. Ofisa akiandika tu “turniketi, vipande 20” kwenye orodha ya ununuzi, anaweza kuletewa mipira 20 ya maabara, na mleta mzigo adai ametimiza alichoombwa.

Kifaa chenyewe si kipya. Daktari Mfaransa, Jean Louis Petit, alitengeneza cha skrubu mwaka 1718. Mjerumani Friedrich von Esmarch akaja na bendeji ya mpira mwaka 1873, na mpira huo bado hutumika pale pasipo na mashine. Shida yake ni kwamba hauna kipimo. Anayeufunga anakisia tu. Mmarekani Harvey Cushing ndiye aliyeleta mkanda wa hewa mwaka 1904, na tangu hapo swali la maana limekuwa moja: presha ni ngapi?

Hapa tukae kidogo, maana ndipo bei ya chini inapomuumiza mtu. Presha ya damu ya mtu mzima mwenye afya ni karibu 120 pale moyo unaposukuma. Kwa upasuaji wa mguu, mkanda wa pajani mara nyingi hujazwa hadi 250 au 300. Ukizidisha, unaponda neva na mgonjwa anaamka na mguu wenye ganzi isiyoondoka kwa wiki au miezi. Ukipunguza, mambo huharibika kwa njia ambayo wengi hawaitarajii: damu inaendelea kuingia mguuni, lakini mishipa ya kuirudisha moyoni imebanwa. Kidonda kinavuja kuliko kama mkanda usingekuwepo. Kisha kuna saa. Madaktari wengi hawataki mkanda ubaki umejazwa kupita saa 2, ndiyo maana mashine nzuri ina kengele ya muda.

Sasa leta mashine inayoandika 250 wakati presha halisi ni 180. Anayeumia hayumo kwenye kamati ya zabuni. Amelala mezani, amepigwa nusu kaputi.

Tuje kwa biashara. Aliyewahi kuendesha cyber anajua siri ya printa: mashine bei nafuu, wino ndio unakumaliza. Huku ni vivyo hivyo. Pampu hununuliwa mara moja kwa miaka kadhaa. Mikanda ndiyo huisha: velkro hulegea, mfuko wa hewa hutoboka, na mingine imetengenezwa itumike mara moja itupwe. Kwa hivyo pesa za kurudi kila mara ziko kwa mikanda.

Lakini mikanda haiingiliani ovyo. Kampuni kama Zimmer Biomet na Stryker za Marekani, au VBM ya Ujerumani, zina mashine zao, na viungio vya mirija hutofautiana. Kuna mashine ya mrija mmoja, kuna ya mirija miwili. Kuna mkanda wa mtoto na wa mtu mnene, na mkanda mpana huhitaji presha ndogo kuliko mwembamba. Tangazo la zabuni likikosa kutaja muundo wa mashine iliyopo, omba ufafanuzi kwa maandishi kabla ya kuweka bei. Ukinyamaza ukakisia, utabaki na katoni nzima ya mikanda isiyoingia popote.

Halafu kuna feki, na usidhani feki ni za viatu na chaja tu. Vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, mikanda ya dharura ilihitajika kwa wingi kuliko ilivyopatikana. Mkanda halisi aina ya CAT huuzwa karibu dola 30. Nakala zake zilijaa mtandaoni kwa dola chache, sura ile ile, ila kijiti chake kilipinda au kuvunjika kikizungushwa kwa nguvu. Huo si mkanda wa theatre, ni kweli, lakini anayeagiza mzigo kwa kutazama picha kwenye simu anaingia soko lile lile.

Kinga yako ni makaratasi. Vifaa vya matibabu nchini husimamiwa na Bodi ya Dawa na Sumu, PPB, inayovipanga kwa kiwango cha hatari. Hakikisha unachotaka kuleta kimesajiliwa. Mdai mtengenezaji cheti cha ISO 13485 na barua inayokuruhusu kuuza bidhaa zake. Akianza kukuzungusha, tafuta mwingine.

Mpango wa AGPO huwatengea vijana, wanawake na watu wenye ulemavu asilimia 30 ya zabuni za serikali. Ni mlango wa kweli. Ila cheti cha AGPO hakimlipi muuzaji wa Mumbai, ambaye atataka pesa kabla ya mzigo kupakiwa. Piga hesabu: mzigo umekugharimu Sh500,000 za mkopo, ukauza kwa Sh600,000. Riba ikiwa asilimia 2 kwa mwezi, unalipa Sh10,000 kila mwezi. Kaunti ikikulipa baada ya miezi 10, faida yote imeliwa na riba. Ya 11, unaifanyia hospitali kazi ya kujitolea. Na kaunti zetu, tuseme ukweli, zimezoea kuwaweka watu zaidi ya hapo.

Ndiyo maana kwa maoni yangu kijana asianzie kwa pampu. Afadhali oda ndogo ya mikanda kwa hospitali moja ambayo mashine yake unaijua, na mkataba unaotaja siku ya malipo, kuliko LPO nono ya kupigia picha ya status.

Siku ya kupeleka mzigo, kamati ya ukaguzi na upokeaji itafungua boksi. Kama ina fundi anayejua kazi, atazungushia mkanda kitu kigumu, ajaze hewa hadi 250, kisha atazame kipimo kwa dakika chache. Kikishuka, boksi linarudi nawe kwa boda ile ile iliyolileta.