Mila na Desturi za Wahasibu wa Ofisi ya Mashtaka

Katika Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya Tanzania, tangu makao makuu yake Dodoma hata ofisi ndogo za wilayani, wamo watu ambao hawavai joho, hawasimami mbele ya jaji, wala majina yao hayaandikwi katika hukumu. Lakini wakili asafiripo kwenda kuendesha shauri, na shahidi atokapo kijijini kwake kuja kusema alichokiona, huwa wote wawili wamepita kwanza mikononi mwa watu hao. Hao ndio wahasibu. Jamii yao ni ndogo, na kwa kuwa kazi yao hufanyika baina ya makabati na meza zilizojaa karatasi, wengi huwadhania kuwa watu wa tarakimu tu, wakavu wa maneno na wazito wa mkono wa kutoa. Mimi nimekaa nao karibu muda wa kutosha kuwaona wana miiko, adabu na itikadi zao, na nadhani mambo hayo yastahili kuandikwa, kwa sababu ndani yake imo sehemu ya haki ambayo mawakili wenyewe aghalabu husahau kuisimulia.

Ukoo huu si wa kale. Zamani mashauri mengi ya jinai katika mahakama za chini yaliendeshwa na polisi, na Mawakili wa Serikali walikuwa chini ya Mwanasheria Mkuu. Mwaka 2005 Katiba iliongezwa ibara ya 59B inayomhusu Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwaka 2008 ikatungwa sheria ya usimamizi wa mashtaka, na kazi ya upelelezi ikaanza kutenganishwa na kazi ya kushtaki. Na Februari 2018, kwa amri ya Rais, ofisi ikatengwa ikasimama peke yake. Wanasheria huisimulia tarikhi hii kwa kutaja mamlaka. Wahasibu huisimulia kwa kutaja Fungu 35, ambalo ndilo jina la ofisi yao katika vitabu vya bajeti ya Serikali. Na ofisi kujitegemea, kwa fahamu yao, ni kama kijana kukatiwa shamba lake kutoka katika shamba la babaye: mavuno ni yake na magugu ni yake, wala hapana tena wa kumtupia lawama.

Mtu huingia katika jamii hii kwa milango mbalimbali. Mmoja ametoka Chuo cha Uhasibu Arusha kule Njiro, mwingine Mzumbe, mwingine Chuo cha Usimamizi wa Fedha cha Dar es Salaam. Lakini wote hukutana katika mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, na aliyeivuka mitihani hiyo huitwa CPA kabla ya jina lake, hata katika kadi za mialiko ya harusi. Humo kazini daraja hupandwa kwa subira: Mhasibu Daraja la Pili, kisha la Kwanza, kisha Mhasibu Mwandamizi, na juu yake Mhasibu Mkuu. Mwandamizi ndiye ninayependa kumtazama zaidi, maana amekaa katikati. Kila kilichoandaliwa na vijana hupita machoni pake, na kila kinachopanda kwa wakubwa hata kumfikia Afisa Masuuli hubeba herufi za mkono wake. Ukubwa wake haumo katika kiti alichokalia, bali katika haki yake ya kuwa wa kwanza kusema hapana.

Katika nyumba hii ya wanasheria mhasibu haitwi kwa jina lake, na salamu anayopewa huwa na mkia. Wakili kijana atabisha hodi, atainamisha kichwa kidogo, atasema, "Shikamoo, Mhasibu. Lile dokezo letu la safari limefika?" Naye atajibu, "Marahaba, Wakili. Limefika, ila halijapita." Maneno hayo mawili, kufika na kupita, kwao yana umbali mrefu baina yake. Dokezo limefika likiwa mezani; limepita likiwa na kibali, kasma yake, yaani kifungu chake cha bajeti, ina fedha, viambatisho vyake vimetimia, na aliyeliandaa si yeye aliyelihakiki, na aliyelihakiki si yeye atakayeliidhinisha. Kutenganisha mikono hiyo mitatu ndiyo nguzo ya kwanza ya adabu yao, na hapana urafiki wala udugu unaoivunja. Mwandamizi mwenye murua hamkatalii mtu kwa ukali. Humrudishia karatasi zake kwa mikono miwili, akamwonyesha kwa ncha ya kalamu palipopungua, na akamwambia saa atakayokuwapo ili airejeshe.

Nitaje jambo moja kwa kirefu, nalo ni la mashahidi. Mahakama Kuu ikifanya vikao mikoani, mashahidi hutoka vijijini, wengine safari ya kutwa, wakiacha mashamba na mifugo; nao wahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala hata zamu yao ya kusema ifike. Fedha hizo ni chache kwa mtu mmoja na nyingi kwa jumla, na kila senti hutolewa juu ya orodha yenye jina, kijiji, idadi ya siku, kiasi na saini. Orodha hiyo ikirudi, utamwona Mhasibu Mwandamizi akiitandaza mezani, akiweka rula chini ya mstari wa kwanza, na kuiteremsha mstari mmoja mmoja, midomo yake ikienda bila sauti. Hatazami jumla kwanza. Jumla huitazama mwisho. Hutazama madole. Mashahidi wasiojua kuandika huweka dole gumba kwa wino wa zambarau, na jicho lililozoea hutambua dole lililowekwa kwa utulivu na lile lililoburutwa kwa haraka. Bibi aliyeweka dole katika kikao kilichopita akionekana safari hii ana saini ya kalamu, mhasibu huuliza. Na jawabu aghalabu ni la kheri, kwamba mjukuu wake alimsaidia kwa mapenzi. Hata hivyo dole litawekwa upya na mwenyewe, baada ya kuamkiwa na kupewa kiti, kwa sababu fedha ile imetolewa kwa jina lake, na jina la mtu ni amana.

Wapo wanaoiona ihtiyati hiyo kuwa ni ajizi. Mimi nashikilia kwamba ni heshima. Bibi yule, ambaye pengine hapana ofisi ya Serikali iliyowahi kumwuliza lolote, ameulizwa kwa taadhima kama kweli alipokea haki yake. Wala sisahau upande wa pili: nauli ikichelewa, shahidi haji, shahidi asipokuja, shauri huahirishwa, likiahirishwa mara nyingi, mshtakiwa huendelea kukaa mahabusu bila kujua hatima yake, na aliyedhulumiwa hukata tamaa akarudi kwake. Basi uchelewaji wa karatasi katika chumba cha hesabu huwaumiza watu wa pande zote mbili za kizimba, na mhasibu asiyelijua hilo hajaijua kazi yake.

Mwiko ulio mkubwa kupita yote ni wa ulimi. Hati ya malipo hujua mengi: hujua wakili gani anakwenda mji gani, siku gani, kwa shauri gani, na shahidi gani ameitwa kutoka kitongoji kipi. Mtu mwenye nia mbaya akipata karatasi moja tu ya namna hiyo aweza kumtangulia shahidi mlangoni kwake. Kwa hiyo wahasibu wa mashtaka wana desturi ambayo sikuiona kwa wenzao wa wizara nyingine: hawazungumzi safari za watu wakati wa chai, hawaachi hati mezani wakitoka kuswali au kula, na mgeni akiingia hugeuza karatasi kifudifudi kabla hata ya kuitikia salamu. Vijana hufundishwa hayo kwa kutazama wakubwa wao, si kwa kuhutubiwa.

Fauka ya hayo, hawa ni wahasibu wanaoishi pamoja na ushahidi wa makosa ya wahasibu. Mwaka 2008, mwaka uleule wa sheria niliyoitaja, nchi iliona watu wakifikishwa mahakamani kwa ajili ya akaunti ya madeni ya nje iliyokuwa Benki Kuu, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2005/06 ilitoa takriban shilingi bilioni 133 kwa makampuni 22. Katika mashauri ya namna ile, na katika mengine madogo yanayoendeshwa kwa Sheria ya Uhujumu Uchumi ya mwaka 1984, hati za malipo, leja na stakabadhi hutolewa kabatini zikapewa namba za vielelezo. Wakili akitatizwa na leja humwita Mhasibu Mwandamizi kando amweleze fedha ilivyoingia na ilivyotoka. Naye, akiisha kumweleza, hurudi mezani kwake akiwa amekwisha kuona mahali ambapo kalamu ya mwenziwe iliteleza. Hapana semina inayofundisha kama hiyo. Na kwa kuwa tangu mwaka 2019 sheria imeruhusu makubaliano ya kukiri kosa, ambayo huweza kuandamana na fidia na marejesho ya mali, ofisi hizi huhusika pia na fedha zisizo zake. Kwangu mimi hapo ndipo tahadhari iwe maradufu: fedha ya namna hiyo ionekane katika hesabu yake peke yake, tangu shilingi ya kwanza hata ya mwisho, na njia yake ya kwenda Hazina isomwe na mtu yeyote mwenye haki ya kuisoma.

Mwaka wao huisha tarehe 30 Juni. Majuma ya mwisho ya mwezi huo taa za chumba cha hesabu huzimwa usiku mwingi, chai huletwa kwa chupa, na wake na waume walioko nyumbani huwa wamekwisha kuzoea. Masurufu ambayo hayajafanyiwa marejesho hudaiwa bila kumwonea mtu haya, na asiyerejesha hukatwa katika mshahara wake. Kisha hesabu hufungwa, na ndani ya miezi 3 hupelekwa kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ripoti yake humfikia Rais ifikapo mwisho wa Machi. Wakaguzi wakija hupokewa kwa adabu na kupewa meza, lakini hawaalikwi nyumbani. Hoja zao hujibiwa kwa karatasi, na hoja ikifungwa mhasibu hulala usingizi mzuri.

Nje ya kazi watu hawa hawapumziki. Kila kamati ya harusi mtaani, kila msiba na kila upatu, humchagua Mhasibu awe mweka hazina, naye hakatai. Huleta daftari lake, huandika mchango wa elfu tano kwa makini yaleyale ya mamilioni ya Fungu, na siku ya kuvunja kamati husoma mapato na matumizi hata bakaa, wenyeji wakisikiliza kwa utulivu.

Miaka hii ya karibuni malipo mengi hupita katika mfumo wa Serikali wa MUSE, na kijana aliyeingia jana hajui uzito wa funguo mbili za kasha la fedha, kila moja mfukoni mwa mtu wake. Siusikitikii mfumo, umeondoa mengi ya hatari. Ninalolitaka ni kwamba mwandamizi asigeuzwe kuwa mbonyezaji wa vitufe mwishoni mwa safari ya karatasi. Ratiba ya vikao vya Mahakama Kuu hujulikana mapema; basi naye aketi katika kikao kinachoipokea ratiba hiyo, aseme siku hiyohiyo kasma iliyopo yatosha kuwaleta mashahidi wangapi, na upungufu uombwe Hazina kabla hati za wito hazijatoka.